R.E.M.: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bendi na muziki wake uliobadilikabadilika

Maswali haya huzuka kila R.E.M. inapotajwa mbele ya wapenzi wa roki. Mengi huulizwa na watu walioijua bendi hii kwa wimbo mmoja tu, “Losing My Religion”, ule wa mandolini (chombo kidogo cha nyuzi). Nimeanza na ya msingi na kumalizia na yale ambayo mashabiki wa siku nyingi hawajaacha kubishania. Jambo likiwa limeshajibiwa kwingine, nimeelekeza huko.

## Mambo ya msingi

R.E.M. ni akina nani?

Ni bendi ya watu wanne kutoka Athens, mji wa chuo kikuu katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Michael Stipe aliimba, Peter Buck alipiga gitaa, Mike Mills besi na piano, na Bill Berry dramu. Walianza mwaka 1980 na kuvunja bendi Septemba 2011, wakiwa wameacha albamu 15 za studio. Berry aliondoka mwaka 1997 na nafasi yake haikujazwa. Waliobaki waliendelea watatu na kukodi wapiga dramu.

Walikutanaje?

Buck alikuwa muuzaji katika duka la santuri la Wuxtry. Stipe, mwanafunzi wa sanaa, alikuwa mteja aliyekuja kununua zile zile santuri ambazo Buck alikuwa akijiwekea kando. Urafiki ukaanzia hapo. Mills na Berry walitoka mji wa Macon na walikuwa wamepiga muziki pamoja tangu sekondari, na hili lina uzito kuliko linavyoonekana: bendi changa ilianza ikiwa na besi na dramu zilizokwisha zoeana.

Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani ambalo halikuwa tena la ibada na ambamo baadhi yao walikuwa wamepanga. Kanisa lenyewe lilishabomolewa, umebaki mnara wake, na mashabiki bado huenda kupiga picha pale.

Jina la bendi lina maana gani?

Ni kifupi cha istilahi ya kitabibu inayohusu macho yanavyochezacheza mtu anapoota ndoto. Stipe alilikuta kwenye kamusi alipokuwa akitafuta jina lolote la kufaa. Usitafute siri ndani yake.

Kwa nini wanaitwa bendi ya roki mbadala?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 redio kubwa za Marekani zilikuwa na orodha finyu ya nyimbo, na bendi kama hii haikuwa na mlango wa kuingilia. Waliowapigia nyimbo zao walikuwa wanafunzi waliokuwa wakiendesha redio za vyuo. R.E.M. walijaa kwenye gari moja na vyombo vyao, wakazunguka mji baada ya mji wakipiga kwenye kumbi ndogo na baa. Wakati huo “mbadala” ilihusu njia ambayo muziki ulipitia, zaidi ya namna ulivyosikika. Bendi nyingi zilizokuja baadaye zilipita kwenye njia hiyo hiyo zikiikuta imeshafunguliwa.

Nani alikuwa mtunzi?

Wote. Kwenye majalada, nyimbo ziliandikwa kwa majina ya wanne, na mapato yaligawanywa sawa kwa sawa bila kujali nani alileta wazo. Kwa kawaida Buck, Mills na Berry walitengeneza muziki, kisha Stipe akachagua ule uliomvuta na kuutilia maneno. Uamuzi mkubwa wa bendi ulihitaji kauli moja: mmoja akikataa, jambo limekwisha.

Naliweka hili mapema kwa sababu ndilo linaloeleza mengine yote. Mtu asiyepoteza senti kwa wazo lake kuachwa hana sababu ya kung’ang’ania lipigwe. Kila R.E.M. walipobadilika, ukichunguza utakuta walikuwa wamebadilisha kwanza namna ya kufanya kazi: vyombo vya kushika, mahali pa kurekodia, au mtu wa kusimamia studio.

## Miaka ya kwanza, 1981 hadi 1987

Muziki wao wa mwanzo ulikuwaje?

Singo ya kwanza, “Radio Free Europe”, ilitoka mwaka 1981 kwenye lebo ndogo ya Hib-Tone. Ilirekodiwa na Mitch Easter, ambaye studio yake ilikuwa kwenye gereji ya nyumba ya wazazi wake huko North Carolina. Albamu ya kwanza kamili, *Murmur*, ilitolewa mwaka 1983 na I.R.S. Records, Easter akishirikiana na Don Dixon. Lebo ilitaka kwanza prodyuza mwingine. Bendi ikajaribu kufanya naye kazi, haikupendezwa, ikamrudia Easter.

Sikiliza gitaa la Buck. Hakuwa mtu wa solo ndefu wala wa kuziba masikio kwa kelele. Alikuwa na Rickenbacker, gitaa lenye mlio mwembamba unaong’aa, na alipenda kudonoa nyuzi za kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) moja baada ya nyingine badala ya kuzicharaza zote kwa pamoja. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi, aliyezoea gitaa linalozunguka bila kuchoka chini ya mwimbaji, hatapata shida kulielewa. Kwa kuwa gitaa halikujaza nafasi yote, besi ya Mills ilipata pa kutembea, na mara nyingi ndiyo inayobeba melodia. Juu yake kuna sauti za Mills na Berry wakiitikia, si kwa kurudia maneno ya Stipe bali kwa kuimba mstari wao wenyewe.

Chukua “Perfect Circle” uisikilize kwa spika za masikioni. Kuna piano mbili zinazopiga kitu kimoja, moja safi na nyingine yenye mlio wa kuchakaa, na ile tofauti ndogo kati yake ndiyo inayoupa wimbo majonzi yake. Ujanja kama huo umejaa albamu nzima. Jalada linaonyesha kudzu, mmea unaotambaa na kufunika miti na nyumba kule kusini, na sijaona jalada linalofanana zaidi na muziki uliomo ndani. Jarida la Rolling Stone liliichagua kuwa albamu bora ya mwaka 1983, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa ikicheza *Thriller* ya Michael Jackson.

Kwa nini maneno hayasikiki vizuri?

Yaliwekwa hivyo makusudi. Kwenye albamu za mwanzo sauti ya Stipe ilichanganywa kama chombo kimojawapo, haikupandishwa juu ya vingine, naye alimung’unya, akakata sentensi, akachagua maneno kwa jinsi yanavyolia. Anayejua Kiingereza vizuri naye hubahatisha, kwa hiyo usijilaumu.

Mabadiliko yalikuja na *Lifes Rich Pageant* (1986). Prodyuza Don Gehman, aliyekuwa amefanya kazi na mwimbaji wa roki John Mellencamp, alimsukuma Stipe aimbe asikike. Maneno yaliposikika, yakawa na jambo la kusema: “Cuyahoga” ni jina la mto wa Ohio uliochafuliwa kiasi cha kushika moto, na “Fall on Me” imebeba hofu kuhusu mazingira. Ni albamu yao ya kwanza kupata cheti cha dhahabu cha mauzo Marekani. Kwangu mimi ndipo Stipe alipozaliwa mara ya pili kama mwimbaji.

Kwa nini *Fables of the Reconstruction* ina huzuni vile?

Waliirekodi London mwaka 1985, wakiwa mbali na kwao, wakiwa wamechoka na ziara, katika majira ya baridi. Msimamizi alikuwa Joe Boyd, aliyejulikana kwa kazi zake na wanamuziki wa asili wa Uingereza. Ajabu ni kwamba huko ugenini ndiko walikotunga nyimbo za nyumbani kuliko wakati wowote: wazee wenye vituko, treni za kusini, simulizi za vijijini. “Driver 8” ni wimbo wa treni, na gitaa lake linakwenda kama treni. Wenyewe hawakuipenda kwa muda mrefu. Nadhani walikuwa wanaikumbuka ile baridi, kwa sababu nyimbo zenyewe hazina kosa.

Walianza lini kujulikana na watu wote?

Mwaka 1987, kwa *Document*, albamu ya kwanza waliyoitengeneza pamoja na prodyuza Scott Litt. “The One I Love” ilifika nafasi ya 9 Marekani. Watu waliipeana kama salamu za mapenzi, ingawa maneno yake ni ya ukatili mtupu: mpenzi anaitwa kitu cha kupitishia muda. Litt alibaki nao kwa albamu sita mfululizo, hadi 1996, na kipindi hicho ndicho wengi wanachokijua.

## Mandolini na umaarufu

Mandolini ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye uchovu wa gitaa. Walipohamia lebo kubwa ya Warner Bros. na kutengeneza *Green*, iliyotolewa siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, tarehe 8 Novemba 1988, walianza kubadilishana vyombo: Berry akashika besi, Mills akaingia kwenye kinanda, Buck akachukua mandolini ambayo alikuwa bado anajifunza. Mtu akiwa na chombo asichokimudu hawezi kukimbilia mazoea yake. Ukisikiliza “You Are the Everything” utasikia bendi ya roki ikipiga kwa utulivu ambao haikuwa nao kabla.

“Losing My Religion” ilizaliwa hivyo hivyo. Buck alikuwa nyumbani akifanya mazoezi ya mandolini huku akitazama televisheni, kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Aliporudia kusikiliza, katikati ya mazoezi akakuta wimbo. Hauna kiitikio cha kawaida, chombo kinachouongoza ni kidogo na hakina umeme, na bado mwaka 1991 ulifika nafasi ya 4 Marekani. *Out of Time*, albamu iliyoubeba, ikashika namba moja Marekani na Uingereza na kupata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala.

“Losing My Religion” inapinga dini?

Hapana. Swali hili lina haki ya kuulizwa, maana kichwa cha wimbo kinatisha. Kule kusini mwa Marekani husemwa hivyo mtu anapofika mwisho wa uvumilivu wake. Wimbo unamhusu mtu anayempenda mwingine kimyakimya, asijue kama amesema mengi mno au machache mno. Video yake, iliyoongozwa na Tarsem Singh, ina picha zinazokumbusha michoro ya kidini, na ndiyo iliyozidisha utata.

Ni kweli hawakufanya ziara walipokuwa kileleni?

Ni kweli. Hapakuwa na ziara ya *Out of Time* wala ya albamu iliyoifuata, *Automatic for the People*. Ziara ya *Green* ilikuwa imewachosha, wakaamua kubaki studio. Bila hatua hiyo nyimbo tulivu za miaka ile zisingetungwa, kwa sababu bendi inayojua kesho iko uwanjani hutunga nyimbo za uwanjani.

Kwa nini *Automatic for the People* inasifiwa kuliko nyingine?

Jina lenyewe ni usemi wa mwenye mgahawa wa Weaver D’s pale Athens, anayewajibu hivyo wateja wake wanapoagiza chakula. Kilichomo ndani ni kifo, uzee na kumbukumbu, vikiimbwa na watu waliokuwa na miaka thelathini na kitu tu, na havikuimbwa kwa kulialia.

Vyombo vya nyuzi vya okestra katika nyimbo nne vilipangwa na John Paul Jones, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya roki ya Led Zeppelin. Hakuvimwaga ovyo. Kwenye “Nightswimming” gitaa halipo, dramu hazipo. Kuna piano ya Mills inayozunguka ile ile, sauti ya Stipe, nyuzi zinazoingia taratibu, na oboe. Melodia ya Stipe haimalizii pale piano inapomalizia, kila mmoja anamaliza mzunguko wake kwa wakati wake, na ndiyo sababu wimbo hauonekani kutua. Nimeusikiliza miaka mingi na bado sijui namna nyingine ya kuutunga.

“Everybody Hurts” ilianzia kwa Berry, na cha kushangaza ni kwamba wimbo wa mpiga dramu unaendeshwa kwa sehemu kubwa na mashine ya dramu. Maneno yake ni mepesi kwa makusudi: Stipe, aliyejulikana kwa mafumbo, alitaka kijana aliyekata tamaa aelewe kila neno. Linganisha na swali la maneno yasiyosikika hapo juu uone alikuwa ametembea umbali gani ndani ya miaka tisa.

## Kurudi kwenye kelele

*Monster* ilitokea wapi baada ya utulivu wote ule?

Walikuwa wanataka kurudi jukwaani, na Berry hasa alitaka roki. Kwa hiyo mwaka 1994 Buck aliweka mandolini chini, akajaza gitaa mtetemo na mkwaruzo. Stipe akaanza kuimba kama wahusika wengine: wenye wivu, wenye majivuno, wanaofuatilia watu. “What’s the Frequency, Kenneth?” inatokana na maneno yaliyosemwa na mtu aliyemshambulia mtangazaji Dan Rather mjini New York mwaka 1986. “Let Me In” ni kilio kwa Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya Nirvana, aliyefariki Aprili 1994, na albamu nzima ilitolewa kwa kumbukumbu ya mwigizaji River Phoenix.

Wapo wanaosema walikuwa wakifuata upepo wa Seattle, yaani roki nzito ya akina Cobain iliyovuma miaka ile. Sikubaliani nao. Mkwaruzo wa *Monster* una madaha ya roki ya miaka ya 1970, na uzito wa Seattle haumo. Mwaka 2019 Scott Litt aliichanganya upya, akapandisha sauti ya Stipe na kupunguza ukungu wa gitaa. Toleo hilo linafaa kusikilizwa, lakini ukungu ule ulikuwa sehemu ya wazo.

Nini kilitokea kwenye ziara ya 1995?

Tarehe 1 Machi, mjini Lausanne, Uswisi, Berry alishikwa na maumivu makali ya kichwa akiwa jukwaani. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji, akapona, na ziara ikaendelea Mei. Kabla mwaka haujaisha Mills na Stipe nao walikuwa wamepitia visu vya madaktari.

Katikati ya misukosuko hiyo walitengeneza *New Adventures in Hi-Fi* (1996), nyingi ya nyimbo zake zikiwa zimenaswa barabarani: kwenye majaribio ya vyombo kabla ya onyesho, na kwenye maonyesho yenyewe. Ina upana na vumbi la safari. Patti Smith, mwimbaji aliyemfanya Stipe kijana atake kuimba, anasikika kwenye “E-Bow the Letter”. Ukiniuliza ipi ndiyo albamu yao bora, jibu langu ni hii, na nimeshapoteza marafiki wa mjadala kwa kulisimamia.

## Baada ya Berry

Kwa nini Bill Berry aliondoka?

Alichoka na maisha ya safari, akatangaza kuondoka Oktoba 1997 na kwenda kuishi shambani Georgia. Hapakuwa na ugomvi. Aliwaambia wenzake kwamba kama kuondoka kwake kungevunja bendi, angebaki.

Sauti ilibadilikaje bila yeye?

Kuliko wakati wowote. *Up* (1998) imejaa mashine za dramu na vinanda vya umeme, na Litt hakuwepo tena. “Daysleeper” ni wimbo wa mfanyakazi wa zamu ya usiku anayelala mchana, na yeyote aliyewahi kufanya zamu hizo ataujua uchovu uliomo. Bendi ilikaribia kuvunjika ilipokuwa ikiitengeneza, na mashaka hayo yanasikika.

Lililopotea si mdundo peke yake. Berry alikuwa mkataji. Wimbo ukirefuka bila sababu, alitaka ufupishwe. Pia ilipotea sauti yake kwenye uitikiaji, ule mstari wa tatu chini ya Stipe na Mills. *Reveal* (2001) ina jua na urembo mwingi, lakini *Around the Sun* (2004) ilienda polepole mno, na Buck mwenyewe aliisema vibaya hadharani.

Je, walirudi kwenye kiwango?

Kwa *Accelerate* (2008), ndiyo. Safari hii pia walibadilisha kwanza namna ya kufanya kazi: mwaka 2007 walizipiga nyimbo mpya mbele ya watu kwa usiku tano Olympia Theatre, Dublin, zikiwa bado hazijakamilika, kisha wakarekodi haraka na prodyuza Jacknife Lee. Albamu ina dakika 34 hivi, haina mafuta. *Collapse into Now* (2011) ikafuata, na miezi sita baadaye wakaaga.

## Maswali ya wabishi

Kuhamia Warner hakukuwa kuuza roho?

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama baada ya kuhamia wangerahisisha muziki. Walichofanya ni kuchukua mandolini, kuacha ziara, na kutoa albamu kuhusu kifo. Umaarufu waliutumia pia kwa mengine: vifungashio vya *Out of Time* nchini Marekani vilikuwa na ombi la kusainiwa na kutumwa kwa wabunge, la kurahisisha uandikishaji wa wapiga kura. Sheria hiyo ilisainiwa mwaka 1993.

Kwa nini “Shiny Happy People” haimo kwenye mkusanyiko wa 2003?

Hawakuupenda wimbo huo kama wasikilizaji walivyoupenda, wakauacha nje ya *In Time*. Baadaye waliuingiza kwenye mkusanyiko wa kuagia wa 2011. Mimi nautetea kwa sababu ya Kate Pierson wa The B-52’s, bendi nyingine ya Athens, ambaye sauti yake inauinua.

Watarudi tena?

Wamekana mara nyingi, na wamelisimamia neno lao. Juni 2024, walipoingizwa katika Songwriters Hall of Fame mjini New York, wote wanne, Berry akiwemo, walipiga “Losing My Religion”. Ulikuwa wimbo mmoja, si mwanzo wa ziara.

Nianzie wapi?

Kama unapenda nyimbo tulivu, anza na *Automatic for the People*. Kama unataka gitaa na mwendo, *Lifes Rich Pageant*. *Murmur* iache iwe ya tatu, uisikilize usiku, na usijisumbue kutafuta maneno yake mtandaoni. Ukifika *New Adventures in Hi-Fi*, usiruke “Leave”: inaanza kwa gitaa pole, halafu king’ora kinaingia na hakizimi hadi karibu na mwisho wa wimbo huo wa zaidi ya dakika saba.